Nilimtengenezea mpwa wangu mabawa ya taa za LED, yakamuunguza mgongo

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo nauacha hapa ulivyo, bila kujipaka rangi ili nionekane mwema.

Mimi ni fundi simu hapa Mbeya. Pembeni natengeneza vitu vya kuvaa vyenye taa: mataji ya maharusi, kofia za birthday, mikanda ya madansa. Natumia zile LED za utepe unaokunjika, nazishonea kwenye neti.

Nina ugonjwa mmoja, sipendi waya uonekane.

Krismasi iliyopita dada yangu aliyeolewa Igowole, kijiji cha baridi upande wa Mafinga, aliniomba mabawa ya binti yake Atupele, miaka minane. Alichaguliwa kuwa malaika kwenye igizo la kanisani. Dada alitaka ya kawaida tu, hata ya maboksi. Mimi nikajitia ufundi.

Nikakunja fremu ya waya, nikaweka neti nyeupe, taa mzunguko mzima. Betri nilichomoa kwenye laptop mbovu, nikaishonea ndani katikati ya mgongo, swichi nayo huko huko.

Joint mbili za mwisho, pale nyaya zinapoungana, nilizifunga kwa tepu. Kale kampira kanakobanwa kwa moto kaliniishia, na basi la Mafinga lilikuwa linaondoka. (Wenye fani najua mmeshanitukana. Endeleeni tu.)

Igowole mwezi wa kumi na mbili mnaijua, ukungu mchana kweupe. Igizo lilikuwa saa kumi jioni. Nikamvalisha Atu, nikawasha, watu wakatoa simu kupiga picha. Kichwa kikanivimba.

Ndipo nikamwambia mtoto, "Atu, usiguse kitu wala usijitikise. Ukijitikisa unaniharibia."

Zamu yake ikachelewa, maana kwaya haikuwa na haraka. Bibi yake mzaa baba akaona mtoto anatetemeka na kigauni chepesi, akamfunika blanketi juu ya mabawa na kulikaza kifuani, kama wanavyofunikwa watoto kule siku za baridi. Alifanya kwa upendo.

Mimi fundi niliona, nikanyamaza. Mwanga ulikuwa unapenya kwenye blanketi na nikaona unapendeza.

Tepu ilishalegea kwa unyevu. Blanketi likakandamiza zile joint, nyaya zikagusana, betri ikaanza kuchemka.

Atu hakusema kitu. Alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, machozi yanamtoka. Mama aliyekaa naye alidhani ni woga wa kusimama mbele za watu, akawa anambembeleza.

Tulichoshtukia ni harufu ya plastiki. Dada yangu ndiye aliyeyararua yale mabawa, akaungua vidole.

Tulianzia zahanati, wakatupa rufaa ya Mafinga. Kidonda kilikuwa cha ukubwa wa kiganja changu. Kimepona sasa, ila kovu halitatoka.

Dada hakunitukana. Shemeji alinikaribisha chakula kama kawaida. Bora wangenitukana, wakuu.

Siku ya tatu nikakaa pembeni ya kitanda chake, nikamuuliza kwa nini hakupiga kelele. Akanijibu kwa adabu kabisa, kalalia tumbo:

"Nilisikia inaunguza, mjomba. Ila ulisema nikijitikisa nakuharibia."

Nililia mbele ya mtoto. Sijui kama alielewa.

Kazi sijaacha. Siku hizi betri nafunga kiunoni kwa nje, yenye fyuzi, na swichi mvaaji anaifikia mwenyewe. Tepu sigusi. Lakini hayo ni mambo ya ufundi, mtu unajifunza ukikosea.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba huku kwetu tunawalea watoto kumsikiliza mkubwa, na tunajisifu kwamba wana adabu. Mtoto wa dada yangu alikuwa na adabu. Alilinda kazi yangu kwa mgongo wake, na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu, nimeshika simu nampiga picha.

Sasa mtoto akija kupima, kabla sijamvalisha chochote namwambia apige kelele, tena mbele ya mzazi wake. Wengi wanaona aibu, wanatoa kasauti kadogo. Nawarudisha mpaka wapige kweli.

Mafundi na wazazi, uwanja ni wenu. Anayetaka kunisema aniseme tu, nitasoma zote.