Mafuta ya Mama na Pua ya Nyapara

Harufu ya mafuta ya kondoo yakiyeyuka jikoni hunipandisha hasira hadi leo, na mimi sasa ni nyanya wa watu. Msinitulize. Mama alijaribu sana na "hasira hasara" yake. Hasara niliipata, na hasira bado ninayo.

Nilikuwa na miaka tisa, si muda mrefu baada ya Uhuru. Mama alikuwa akichuma majani kwenye shamba moja la chai upande wa Kericho. Tulikuwa tumetoka Maragoli tukapewa chumba kimoja kambini, chumba cha kazi: kazi ikiisha, na chumba kimekwisha. Umande wa asubuhi na utomvu wa chai vilimpasua mikono ikawa myeusi, yenye nyufa zilizotoa damu kila alipokunja ngumi. Dawa yake ilikuwa mafuta ya mkia wa kondoo kutoka soko la Litein, aliyoyayeyusha pamoja na nta ya nyuki. Yalikuwa mazito, ya kung'ang'ania ngozi kama ukoko wa ugali, lakini yalimpa usingizi.

Siku moja ya likizo nilimpelekea uji kwenye mizani. Nyapara alikuwa akiinamia kikapu kimoja kimoja na kunusa, maana chai hushika harufu upesi. Alipofika kwa mama akasimama.

"Mama Kageha, hii majani inanuka kondoo. Unataka watu wakunywe kondoo?"

Akakipindua kikapu matopeni, majani ya tangu alfajiri, akayakanyaga kwa buti. Wanawake wengine walicheka, na hao pia sijawasamehe.

"Nikisikia hiyo harufu tena, unarudi kwenu," alisema.

Mama akajibu, "Ndiyo, bwana."

Basi fikirieni. Bila mafuta hakuweza kuchuma, akiyapaka, anafukuzwa. Aliacha kondoo akachukua mafuta ya mbarika, yasiyo na harufu kali, lakini pamoja na nta yalibaki yakinata na kuyang'arisha majani. Akaongeza maji, yakajitenga. Ndipo akakumbuka munyu, yale maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo kwetu hulainisha mboga za murere. Akayamimina kwenye mafuta ya moto na kuyakoroga kwa kijiti cha kukorogea mboga, na mchanganyiko ukageuka mweupe mbele ya macho yangu.

Mara ya kwanza alizidisha munyu. Ulimuunguza kwenye nyufa hadi akauma leso, na kesho yake akaenda kuchuma vilevile. Nilimwambia amweleze nyapara kwamba mikono inauma. "Koroga, Kageha," alisema.

Tulikoroga wiki nzima. Mama alipunguza nta, akapunguza munyu hadi matone, na mafuta yakawa mepesi kama povu la maziwa. Alinipaka mimi, tukangoja yanywewe na ngozi, kisha nikafinya majani mabichi kiganjani naye akayanusa. Siku aliponusa mara tatu asipate harufu ya mafuta, tulijua yamekubali.

Jumatatu nilikwenda naye makusudi. Nyapara alinusa kikapu, halafu akamshika mama viganja akavinusa pia, mbele ya watu wote.

"Sasa uko sawa. Umeacha hiyo mafuta yenu."

Na mikono ilikuwa imepakwa kuanzia kucha hadi viwiko! Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu.

"Nimeacha, bwana."

Nyumbani nilipiga kelele: kwa nini hakumwambia?

"Akijua mafuta bado yapo, atayatafuta," alisema, akikunja ngumi na kuikunjua. Haikutoa damu.

Kwa miaka mingi moyoni nilimwita mwoga. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba aliihadaa ile pua kila asubuhi hadi alipostaafu, na kwa hadaa hiyo nikala, nikasoma, nikalala chini ya paa. Ninamwonea fahari. Kinachonichoma ni kwamba ustadi wote ule ulitumika kumfuta yeye mwenyewe, ili mnywaji asijue kuna mikono iliyochuma.

Nikiletewa chai, huinusa kwanza kabla ya kutia sukari. Wajukuu hunicheka. Miaka yote hii, sijawahi kusikia harufu ya mtu.