Treni ya vizibo vya soda niliyomtengenezea mama mkwe asiyeona

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Haya yametokea sebuleni kwangu, Mungu ananiona ninavyoandika.

Niko Sumbawanga, mama wa watoto watatu. Shule nimeisomea madarasa ya jioni, mtanivumilia.

Mama mkwe ni mtu wa Mbeya, kakulia jirani na reli. Tunaishi naye. Macho yalipozima kabisa akaanza kunyamaza, hata sala ya familia haitikii. Alitaka kitu kimoja tu, aisikie treni tena. Daktari akakataa safari, moyo wake hauwezi.

Nikasema basi nitaitengeneza mimi. Mimi ambaye treni naijua kwa video za simu, maana huku kwetu reli haipo.

Reli ni spoku za baiskeli. Mataruma, vile vijiti vinavyolala chini ya reli, nilichonga kimoja kimoja. Behewa ni kopo la majani ya chai, mota ya redio kaseti mbovu na betri humo ndani. Magurudumu vizibo vya soda.

Shemeji yenu kazi yake kunitania. "Mama Neema, tiketi tunakatia wapi?"

Kuiwasha, kwenye kona ikaanguka. Nikarudia, ikaanguka. Nikaanza novena, zile sala za siku tisa, sitanii.

Siku ya tisa mama akasema, "Lete niishike." Akaipapasa taratibu, halafu akacheka.

"Mkamwana, umeivisha miguu kinyume. Ule mdomo wa gurudumu unakaa ndani ya reli, sio nje."

Nikageuza vizibo. Haikuanguka tena.

Lakini akatikisa kichwa. "Hii inateleza kama basi kwenye lami. Treni inaongea."

Kumbe reli huachiwa nafasi kidogo zinapokutana. Mimi nilikuwa nimeziunganisha na kuzisugua kwa tupa mpaka zikawa laini, najisifu. Nikachukua msumeno wa chuma nikaikata kazi yangu mwenyewe. Iliniuma.

Tukawasha.

Ta-ta, ta-ta. Ta-ta, ta-ta.

Wakuu, mwili ulinisisimka kama wakati wa mageuzo kanisani. Mama akakaza kitenge, akanyoosha shingo. Ilipokaribia upande wake akaninong'oneza, "Nisogezee viatu, inaingia stesheni."

Nikamvalisha.

Nilichojifunza: nilihangaika kumtengenezea, kumbe fundi nilikuwa naye ndani. Mgonjwa wako muulize, usimfanyie tu.

Sasa anataka daraja. Nimejaribu mbao, anasema siyo sauti yake. Mliokulia karibu na reli, treni ikipita darajani inasikikaje? Tiririkeni, anasubiri niwasomee.