Nilianguka mkarafuu nikapona mfupa, usingizi nikaja kuupata kwenye jamvi la ukweni

Wakuu, assalaam alaykum. Na kwa wasiokuwa wa salamu hiyo, habari za saa hizi.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, mchango wangu mkubwa umekuwa kucheka kwenye nyuzi za watu. Leo naweka wa kwangu. Sitatia chumvi, maana shemeji yangu naye yumo humu na ana mdomo kuliko mimi.

Niko Pemba, upande wa Mtambile. Nina kibanda cha kutengeneza simu pale barabarani, na msimu wa karafuu ukifika nafunga kibanda napanda miti kama wanaume wengi wa huku.

Kwa ambaye hajauona, mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake yanadanganya. Unaliona tawi limenona, unaliamini, na linakatika bila kukuaga.

Msimu uliopita moja lilikatika nami niko juu yake.

Nikavunjika mtulinga, mfupa huu wa begani. Nikapelekwa hospitali, nikafungwa, nikauguzwa, na Mungu si Athumani, mfupa ukaunga vizuri kabisa.

Kuuguzwa Pemba ni raha, nisiseme uongo. Watu walikuja makundi kwa makundi kunitazama, huyu kaleta ndizi, yule maziwa, mwingine dua. Ila utaratibu wetu una kasoro moja. Ile siku umeonekana umevaa kanzu unakwenda Ijumaa, basi umepona. Hakuna tena wa kukuuliza.

Na akikuuliza, jibu ni lile lile, alhamdulillah. Jibu zuri na la haki, kila hali tunamshukuru Mungu. Lakini mimi nililigeuza mlango. Mtu akibisha, nafunga nalo.

Sasa sikilizeni kilichonipata.

Mke wangu Maryam alikuwa jikoni anavunja kuni za kupikia. Kukavunjika kijiti kikavu, ta. Mimi nilikuwa nimekaa ndani na kikombe cha chai. Nilikuja kujitambua niko nje uani, jasho linanitoka, moyo unakwenda mbio, pumzi sizioni zilipo. Chai yote imemwagika kwenye mkeka.

Maryam akatoka na moshi machoni. "Una n'ni, Baba Nasra?"

"Sina kitu. Alhamdulillah."

Ikawa ndiyo hali. Kijiti kikilia, nazi ikianguka, mtoto akipiga mlango, mwili wangu unaondoka bila mimi. Usiku nikifumba macho nahisi naanguka. Chakula kikawa hakina ladha. Wateja nikawa nawajibu ovyo, barazani nikaacha kukaa, nyumbani nikawa kama mpangaji. Binti yangu Nasra akawa akinisikia naingia anapunguza sauti. Hilo liliniuma kuliko mfupa.

Nikajiambia huu ni ugonjwa wa moyo. Nikaenda hospitali, nikapimwa presha, nikapimwa moyo. Daktari akaniambia moyo wangu mzima, ila niingie chumba cha pili nikaonane na muuguzi wa afya ya akili.

Wakuu, afadhali angenitukana.

Benchi la chumba kile linatazamana na dirisha la dawa, na pale dirishani nilimwona jirani yetu mmoja kashika chupa yake ya dawa ya kifua. Huku kwetu ukionekana umekaa pale, kabla hujafika nyumbani umeshaitwa mwehu, na mtaa wa pili wameshakufunga kamba. Nikapita kama naelekea chooni, nikatokea geti la nyuma.

Nyumbani wazee wakanisomea kisomo, nikanywa na kombe, zile aya zilizoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji. Sitalisema vibaya hilo. Nilipata utulivu, nikalala siku kadhaa. Lakini msimu mpya ukaingia, na msimu una harufu.

Harufu ya karafuu hamuijui nyinyi mnaonunua kijipakiti dukani. Msimu ukikolea kisiwa kizima kinanuka, barabara, nguo, hata mto wa kulalia. Kwangu mimi ile harufu ilikuwa ndiyo kuanguka kwenyewe.

Nikaamua kukimbia. Nikamwambia Maryam nakwenda Wete, kaskazini ya kisiwa hiki hiki, kwa binamu yangu, nina shughuli. Nikashuka Wete, naangalia kushoto, majamvi ya karafuu yameanikwa. Kulia, majamvi ya karafuu yameanikwa. Nikacheka peke yangu pale stendi kwa ujinga wangu, halafu nikahisi nataka kulia.

Niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Kwenye simu nikakuta ujumbe wa Maryam. Amekwenda na Nasra kwa mama yake kusaidia karafuu. Atakaa huko.

Hakuandika atakaa mpaka lini.

Nikaelewa. Mwanamke wa Kipemba hapigi kelele akichoka, anakwenda kumsaidia mama yake.

Niliogopa, wakuu. Kuanguka kutoka juu ya mti kulikuwa mchezo mbele ya hofu ile.

Kesho yake baada ya Alasiri nikaenda ukweni. Mama mkwe wangu anaitwa Bi Mize, mjane, ana shamba la mikarafuu aliloachiwa na mumewe. Anayempandia ni mwanawe Faki, kaka yake Maryam, mchumaji hodari. Msimu uliopita tulikuwa tunapanda wawili. Mwaka huu yuko peke yake.

Nikawakuta uani, wanawake wamelizunguka jamvi, katikati mlima wa karafuu mbichi. Kwa wasiojua, karafuu huchumwa kwa vishada, kisha lazima zichambuliwe siku ile ile, punje huku, vikonyo, yaani vijiti vyake, huku. Zikilala zinaharibika. Kwa hiyo kila jioni nyumba zote za huku watu wako chini wanachambua, na kwetu kazi hiyo wanafanya wanawake na watoto.

Mkwe ni mtu wa heshima. Bi Mize akaniletea kiti, akaniweka kando. Maryam akanisalimu bila kuinua uso.

Nikakaa kama picha ya ukutani, na harufu ile iko puani. Mikono ikaanza kutetemeka. Nikaificha chini ya mapaja.

Bi Mize akaniona.

"Baba, mikono yatetemeka."

"Baridi, mama."

"Baridi ya wapi na jua hili? Shuka hapa, mikono uipe kazi. Karafuu hizi zikilala, hasara yangu mie."

Wanawake wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Mkwe kushushwa kwenye kiti, hiyo ni habari ya wiki nzima. Lakini angekuwa mama yako mkwe, ungekataa? Nikavua ndara, nikakaa jamvini, Bi Mize akanisogezea fungu langu.

Unakamata kishada, unakisugua kiganjani, punje zinaanguka, vikonyo vinabaki. Kwa macho ni rahisi. Mimi ninayefungua simu ndogo ndogo nilikuwa naponda nusu na kutupa nusu, mpaka kijana wa kike wa jirani akawa anaokota ninazotupa.

Baada ya muda vidole vikashika mwendo. Na hapo nikagundua kitu. Kwenye jamvi lile hakuna aliyekuwa ananitazama. Kila mtu macho yako mikononi mwake. Mazungumzo yanapita chini chini, mara harusi ya fulani, mara bei ya samaki, mara kimya, na kimya chenyewe hakina uzito.

Bi Mize akauliza, naye hajaacha kuchambua, "Usiku walala, baba?"

Alhamdulillah ilikuwa imeshafika mdomoni. Sijui kwa nini haikutoka.

"Silali, mama."

Mikono ya watu ikaendelea.

"Tangu lini?"

"Tangu nianguke. Nikifumba macho naanguka tena. Kijiti kikivunjika mie nakimbia. N'naogopa kila kitu, mama, na naona haya kusema."

Mkono mmoja tu ndio uliosimama, wa Maryam.

"Mie nikadhani wanichukia," akasema. Akalia pale pale, machozi yanadondoka kwenye karafuu. Nami nikalia, mbele ya mama mkwe na jirani zake, nikiwa na kishada mkononi.

Bi Mize akatuacha tumalize. Halafu akasema alipofiwa na mumewe, eda ilikwisha, watu wakarudi kwao, na yeye akawa hawezi kuingia jikoni kwa sababu ya kikombe chake marehemu kilichokuwa kimetundikwa ukutani. "N'kimuuliza mtu mie n'na n'ni, aniambia subira. Subira n'nayo. Usingizi ndio sina." Akasukuma vikonyo pembeni. "Kesho mwende hospitali. Maryam, weye wende naye."

Tukaenda. Safari hii nilikaa kwenye lile benchi, na Maryam kakaa pembeni yangu na baibui lake, anasalimia kila anayepita kwa sauti kubwa makusudi. Jirani wa dawa ya kifua hakuwepo, bahati mbaya maana nilikuwa tayari kabisa kuonekana.

Muuguzi ni dada mmoja mpole, kwa lafudhi nikamjua ni wa Kojani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Huu si wehu, kaka. Mwili wako wafikiri ungali juu ya tawi. Twaushusha pole pole."

Akanifundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuiachia taratibu kwa mdomo pale moyo unapoanza mbio. Simu niiweke mbali kabla ya kulala, hilo kwa fundi simu ni adhabu lakini nilitii. Nitembee baada ya Alfajiri. Na shamba nilisogelee kidogo kidogo, leo niishie njiani, siku nyingine niguse shina, nisijilazimishe kupanda kwa ajili ya macho ya watu.

Akaniuliza nina nani wa kuzungumza naye. Nikamwambia kuna jamvi ukweni. Akacheka. "Hilo jamvi usiliwache."

Sikuliacha. Kila jioni nafunga kibanda nakwenda kuchambua. Na hapo ndipo Faki alipopata kazi mpya. Akanipa jina, Bi Konyo. Barazani ananiita hivyo, njiani hivyo, mpaka mteja mmoja akaja kibandani akaulizia, "Bi Konyo yupo? Simu yangu haichaji."

Iliniuma mwanzoni, halafu nikaizoea. Bi Konyo alikuwa analala usiku, sasa tatizo liko wapi?

Maryam alirudi nyumbani msimu haujaisha. Nasra amerudia kelele zake, sasa tunamwomba apunguze.

Mkarafuu sijapanda, wakuu, na sijui kama nitapanda. Lakini nasimama chini yake na kamba ya kushushia pakacha nashika mimi. Kuna siku za moyo kukimbia bado. Navuta pumzi, hali inapita. Harufu nayo imeanza kurudi kuwa harufu tu.

Nilichojifunza si kikubwa. Mfupa ukiunga usidhani kazi imekwisha. Usimsubiri mtu akuulize, na ukiulizwa na anayekupenda, usimfungie mlango kwa neno jema. Na kama macho ya watu yanakushinda, tafuta kazi ya mikono mkae mfanye pamoja, kumenya vitunguu, kushona wavu, chochote. Maneno yanatoka yenyewe. Dua uombe na hospitali uende, hakuna kinachomzuia mwenziwe.

Nilitaka kuishia hapo. Ila wiki iliyopita kumetokea jambo, na mwenyewe amenipa ruhusa ya kuliandika.

Jioni moja Faki alishuka mtini mapema, pakacha lake halijafika hata nusu. Kila mtu aliona. Akanawa miguu. Tukamngoja aende zake barazani. Akasimama kidogo pale uani, halafu akavua ndara, akaja kukaa jamvini, pembeni yangu.

Akachukua kishada. Mchumaji hodari wa Mtambile, kuchambua hajui. Punje zikaruka mpaka kwa mama yake. Bi Mize akainama zaidi.

Kisha Faki akasema chini chini, kama anaziambia karafuu.

"Yakhe, hicho kitu chako cha moyo kwenda mbio. Kilianzaje?"

Nilitamani kumwita Bi Konyo wa pili, wallahi, neno lilikuwa tamu mdomoni. Nikalimeza. Sikumtazama. Nikamsogezea fungu mbele yake.

"Kamata hivi," nikamwambia, "usiponde. Nami n'takwambia."

Haya wakuu, nimemaliza yangu. Mwenye lake aliweke hapa chini, refu au fupi, na asiyeweza kuliandika mbele za watu aje pembeni. Hapa hakuna atakayekukodolea macho.