Sifongo Chini ya Tushi

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, kama ndoto niliyoiota nikiwa macho. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha mtaani Saio, na mimi, kijana fundi wa mashine za kuandika, nikaitwa kwenye ofisi ya wanunuzi wa kahawa. Karani wao, Mama Furaha, alikuwa na kompyuta ya zamani, kioo na klavye ya kuchapia tu, na tushi zake, vile vibonyezo vya herufi, zilikuwa zimeanza kugoma.

"Fundi, hii klavye ikikufa, na kazi yangu imekufa," akaniambia. "Batoto batakula nini?"

Nikacheka. Tushi ni tushi, nikajisemea, ujana nao! Nikatia mafuta kila mahali, nilivyozoea kwenye mashine za chuma. Kesho yake haikutokea herufi hata moja.

Nikaipeleka kwa muzee Zakaria, aliyenifundisha kazi. Alifumba macho, akabonyeza tushi moja moja, polepole, akisikiliza, nami nikasahau nilikokuwa. Kisha akang'oa kofia ya tushi moja. Chini yake kulikuwa na kipande cha sifongo chenye karatasi ya kung'aa, kimelowa mafuta chepechepe.

"Weye, unapatia mugonjwa dawa mbele ya kumuuliza njo nini inamuuma? Tushi ya resori, kale kachuma ka kujikunja, inalia ko! Ya sumaku inashuka kimya. Hii ya sifongo iko laini, na haipendi mafuta. Ungeangalia kwanza."

Siku tatu tulikata sifongo mpya, tukazibandika moja moja. Niliporudisha klavye, kiti cha Mama Furaha kilikuwa kitupu. Mlinzi akanieleza kwamba alikuwa amefukuzwa. Ili nisipelekwe polisi, alimwambia mkubwa wake kwamba yeye ndiye aliyeimwagia chai.

Niliona haya, mwanangu. Mficha uchi hazai. Nikaingia kwa mkubwa, nikasema yote. Mama Furaha akarudishwa kazini, mimi nikakatazwa kukanyaga pale tena. Nilirudi nyumbani Bigo nikilia, lakini usingizi wa siku hiyo ulikuwa mtamu.

Basi ukishika klavye kuukuu, ng'oa kofia, tazama, sikiliza, ndipo utie mkono. Kuuliza si ujinga. Na ukiharibu, sema mapema, maana ukinyamaza, yuko mtu mwema atakayelipa kwa ajili yako. Mungu akupe mikono mipole, mwanangu, na akukutanishe na akina Mama Furaha, nawe usiwaache walie peke yao.