Mtihani wa Mbao na Baba wa Mke Wangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu ambao wakisikia treni inapita huuliza inakwenda wapi. Mimi nikiisikia nafunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Shule ya sekondari ya mapadri niliiacha mwaka wa tatu, na mama aliwaambia majirani kwamba ni macho. Hayakuwa macho. Lilikuwa bweni. Sikuweza kulala chumba kimoja na watu ambao sikuwachagua, nikisikia kila mmoja anavyokohoa.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa bado wapo, na kwetu Kolwezi mtu alipewa kazi na Kampani ya madini, na kazi ndiyo iliyompa nyumba. Mimi niliandikwa ofisini, kazi ya kuita majina ya wafanyakazi asubuhi. Nikapewa nyumba kambini, upande wa Dilala: matofali, bati, vyumba viwili, jiko nyuma, na kijibaraza ambacho mtu mmoja akikaa kimejaa. Nikaoa. Sikutaka kitu kingine, na hilo liliwasumbua watu kuliko lilivyonisumbua mimi. Jirani yangu, fundi umeme, alikuwa akiniona natoka kazini anapiga kelele toka kwake kwa Kiswahili chetu, ambacho "ndiye" na "ndiyo" zote ni "njo":

"Jamani, mutazame huyu! Kivuli chake kimefika ku nyumba zamani, yeye njo anakifuata!"

Basi Kampani ikaleta mtihani. Walisema ni sayansi mpya: kila mfanyakazi atapimwa, ijulikane ana tabia gani na tabia hiyo inafaa kazi gani. Watu wa kambini waliogopa. Wengine walisema unafungwa waya kichwani. Kumbe zilikuwa mbao. Chumba kitupu, lundo la vipande vya mbao vya kila namna, na mzungu kijana mwenye saa mkononi. Watu wanne wanaingia, wanaambiwa: jengeni daraja kutoka mstari huu hadi ule, hakuna mkubwa, panganeni wenyewe. Halafu yeye anakaa kimya anatazama.

Nilipoingia nikamkuta ndani baba wa mke wangu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu, Waluba wa Kasai, mkwe tunamwita buko, na buko si mtu wa kuchezea. Baba wa mke wako humtazami usoni. Humpi kitu mkono kwa mkono. Huli naye, humwiti, na mkikutana njiani wewe unaingia majanini mpaka apite. Mwenye buko wa tabia ngumu huona ni adhabu. Mimi nilikuwa na buko mwenye mdomo kuliko watu wote wa kambi, kwa hiyo nilikuwa nashukuru mila hiyo kila siku.

Sasa tumefungiwa chumba kimoja, na majani ya kuingia hakuna. Nikageukia ukuta. Naye akageukia ukuta wa pili. Katika wenzetu wawili, mmoja alikuwa mpiga nyundo wa reli, Mluba kama sisi, naye akaelewa mara moja akaanza kucheka kwa pua. Mzungu akabonyeza saa. Daraja lilipaswa kujengwa, na ubao mrefu ulikuwa upande wa buko. Nikamwambia mpiga nyundo, macho yangu yakiwa kwenye chokaa ya ukuta:

"Mwambie tata pale asogeze ule murefu."

Mpiga nyundo akamwambia. Tata, yaani baba, akausogeza kwa mguu, maana kunipa kwa mkono hakuweza. Nikasema tena: "Sasa kile kifupi kiende chini." Kikaenda. Nilisema polepole na kwa sauti ndogo kwa sababu ya heshima, na nikasema maneno machache kwa sababu nilitaka tumalize nirudi nyumbani. Sikugusa hata kipande kimoja, nikiogopa mkono wangu usikutane na wake. Daraja likasimama.

Baada ya siku kadhaa niliitwa. Mzungu kijana alinisomea tabia yangu kama mtu anayemsomea mwenzake hali ya hewa. Mimi, alisema, ni kiongozi wa kuzaliwa. Sipapatiki. Sichafui mikono. Naamuru kwa sauti ya chini, na hata wazee wananitii bila kubisha. Tabia ya namna hii haifai kupotea ofisini. Kuhusu yule mzee mrefu aliyesogeza ubao kwa mguu, nadhani alikuwa anafikiria kwa sauti tu, aliona ni mtu mwoga, mwenye haya, anayependa kuongozwa.

Mwenye haya! Mtu ambaye akisalimia Dilala, kambi ya mbali ya Musonoi wanaitikia.

Nikafanywa kapita, yaani msimamizi, wa kundi la reli, kwa kuwa kapita wa zamani alikuwa amestaafu. Na katika kundi hilo, mtalimbo wa tatu kutoka mwisho, alifanya kazi buko wangu.

Kazi ya kundi la reli ndani ya shimo ni hii: mashini inachimba, ukuta wa udongo unarudi nyuma, na reli lazima iufuate ili mabehewa yafike penye madini. Wanaume wanajipanga na mitalimbo yao chini ya chuma, na wote lazima wasukume kwa pumzi moja. Pumzi hiyo inatoka kwa kapita. Anaita, nao wanaitikia na kusukuma. Na haiti hivi hivi. Anawatukana. Anampitia kila mtu kwa zamu: huyu mguu wake kama wa kuku, huyu mke wake ndiye anayempiga, huyu mama mkwe wake ana ndevu. Watu wanacheka, hasira kidogo inaingia mkononi, chuma kinahama. Kapita asiye na mdomo mchafu ni bure kabisa.

Siku ya kwanza nilisimama mbele yao. Nikaita wa kwanza, nikaita wa pili. Nilipofika mtalimbo wa tatu kutoka mwisho nikanyamaza. Kundi lote likasubiri. Buko alikuwa amegeuza uso kwenye ukuta wa shimo, kwa heshima, na mtalimbo wake umegeuka pamoja naye. Reli ikahama upande mmoja tu. Ikapinda kama nyoka aliyekanyagwa.

Siku zilizofuata nilijaribu dawa ile ile ya mtihani. Nilimnong'oneza mpiga nyundo: "Mwambie tata ainue kidogo." Lakini huku hapakuwa na mzungu aliyekaa kututazama, na mpiga nyundo alikuwa mtani wa dunia nzima.

"Tata! Kapita anasema unainua chuma kama mama mwenye mimba!"

"Nani amesema?"

"Si mi! Mi niko mudomo tu. Tumbo la maneno njo kapita."

Buko hakuweza kunijibu, kwa hiyo alimjibu ukuta, na ukuta wa shimo la Kolwezi unarudisha kila kitu. Nilisikia habari za ukoo wangu mara mbili mbili.

Jioni mke wangu alikuwa ananingojea mlangoni. Alikuwa ametoka kwao.

"Baba anauliza kama nimeolewa ao amenunuliwa yeye."

"Sikusema maneno yale."

"Najua. Wewe hausemaka kitu. Njo maana batu banasema mu nafasi yako." Akaingia ndani, kisha akarudi. "Mama anasema kama ni vile, nikalale kwao kidogo, mupaka heshima irudie."

Na mzungu wa reli, ambaye alikuwa mnene na hakujua sayansi, alikuja akatazama chuma kilichopinda. Alijua Kiswahili cha amri tu, lakini kilimtosha. "Ama reli inahama, ama wewe unahama. Tenke wanatafuta watu. Kambi ya wasio na wake." Akaenda zake.

Tenke si mbali, naelewa. Watu wamekwenda Ulaya. Lakini mimi usiku ule nilikaa barazani nikahesabu vitu nitakavyopoteza: nyumba, kwa kuwa itapewa mtu mwingine, mke, kwa kuwa atakuwa kwao, na usingizi, kwa kuwa nitarudi kwenye chumba cha watu wanaokohoa. Kiongozi wa kuzaliwa alikaribia kulia. Nilifikiria pia kwenda kwa yule kijana wa saa nimweleze kwamba alichokiona hakikuwa uongozi, ilikuwa adabu. Ila ningelazimika kuzungumza sana, na jambo hilo nililiogopa karibu sawa na Tenke.

Mke wangu ndiye aliyeamua. Alikwenda kwao kweli, akalala usiku mmoja, akarudi na masharti.

"Baba anasema hawezi kutukanwa na mutu asiyemufungua macho. Leta mbuzi."

Mila ipo, nilikuwa naijua. Mwanamume anapeleka mbuzi, wanakula sahani moja na buko, na kuanzia hapo macho yamefunguliwa: wanatazamana, wanaongea, wanapeana mkono. Wengi hufanya hivyo mapema. Mimi nilikuwa naahirisha mwaka hadi mwaka na kusingizia bei ya mbuzi.

Mbuzi alikuja na treni kutoka Kasaji, ambako wanafuga, na alifika amekasirika. Jirani fundi umeme alinisindikiza ili aone. Wakaweka bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na nyama, nikaketi, nikainua uso, nikamtazama buko wangu kwa mara ya kwanza. Nilishtuka kidogo. Alikuwa na uso wa mke wangu anapoona nimeacha mlango wazi.

"Ah," akasema. "Kumbe njo hivi uko. Nilizania uko na jicho moja, vile ulikuwa unageukaka."

"Hapana, tata. Yako yote mawili."

"Kula. Kesho utanitukana. Lakini unitukane muzuri! Usiniaibishe mbele ya batu. Kapita wa zamani alikuwa ananitukana mupaka machozi."

Kesho yake ndani ya shimo watu wote walikuwa wamekwishapata habari. Nilianza na wa kwanza, wa pili, nikawapitia. Nilipofika kwake nikavua kofia, nikaivaa tena. Buko akanikazia macho.

"Anza basi! Ao mbuzi nilikula bure?"

Nikafungua mdomo. "Huyu mzee," nikaita, "huyu mzee jana alikula mbuzi muzima na pembe! Leo chuma kidogo kinamushinda, tumpelekee mbuzi mwingine amusaidie!"

Si tusi kubwa. Nimesikia makubwa zaidi kanisani. Lakini mpiga nyundo alianguka chini kwa kucheka, na buko akanguruma "Heee!" mpaka mishipa ikasimama shingoni, na mitalimbo yote ikaingia kwa pumzi moja. Reli ikahama yote, toka mwanzo hadi mwisho, imenyooka. Mzungu mnene alikuwa anapita juu. Hakusema kitu, na kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa.

Sikwenda Tenke. Nilibaki kapita wa reli, na nisifiche, sikuwa kapita mbaya. Nimefikiri baadaye kwa nini. Si kwa ajili ya uongozi ule wa mbao. Kapita mwenye moyo wa kazi huipenda kazi, anaizunguka, anairefusha. Mimi nilikuwa nataka honi ya jioni inikute nimenawa mikono. Kwa hiyo nilipanga asubuhi nzima kichwani kabla chuma cha kwanza hakijaguswa: nani asimame wapi, mataruma, yale magogo ya kulaza chini ya reli, yawekwe wapi ili mtu asiyafuate mara mbili. Watu wangu walifikiri nawahurumia migongo. Mtihani wa kweli ungekuwa kumwuliza kila mtu anataka kuwa wapi saa kumi na moja jioni, basi.

Ila macho yakishafunguliwa hayafungwi tena. Hilo sikulipigia hesabu. Jioni ya kwanza buko alikuja kunisalimia nyumbani. Jioni ya pili alikuja kumalizia salamu. Ya tatu alikuja na munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye kibuyu na habari za tangu alipofika kutoka Kasai kwa miguu na kwa treni, Kampani ikiwa bado inaishi kwenye mahema, na jinsi kila mtu aliyekutana naye alivyokuwa mjinga. Mila ilikuwa ukuta wangu mzuri kuliko ukuta wa matofali, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeubomoa kwa mbuzi. Alijaza baraza. Mimi nilisimama mlangoni kama mgeni.

"Mwambie aende kulala," mke wangu alininong'oneza jikoni. "Si wewe kapita?"

"Huko ni kazini."

"Na hapa?"

"Hapa ni baba yako."

Akanitazama kwa uso ule ule, halafu akachukua kikombe cha pili akampelekea.

Basi nikaanza kutoka mapema. Alfajiri, kabla buko hajapita kunipitia twende pamoja, nilikuwa nimeshafika shimoni. Kulikuwa na kibanda cha bati cha zana. Nilichemsha chai, nikakaa juu ya taruma, nikafunga mlango. Hakuna mtu, hakuna sauti, vumbi limelala. Yule mzungu kijana wa mtihani alipita asubuhi moja kuona watu aliowapima wanaendeleaje. Akanikuta peke yangu, taa ya mkono imewaka, kundi bado liko njiani.

"Saa hii tayari kazini?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

Aliitikia kwa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyepata jibu la hesabu yake. Nilimkaribisha chai. Akakataa kwa adabu, akaniambia hataki kumsumbua mtu anayependa kazi yake namna hii, akaondoka. Nikaurudisha mlango, nikamalizia kikombe changu bila haraka, mpaka niliposikia juu ya ukingo wa shimo sauti ya buko akiwasalimia walinzi.