Kitabu Ambacho Sikukisoma

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, akili zangu timamu na sijaonja hata bia. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele mimi sioni pa kuchekea.

Miaka ile ya tisini, redio za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa, nilipata kazi kwenye redio moja hapa Mwanza. Kipindi changu kilirushwa moja kwa moja kila Jumamosi saa kumi jioni. Namkaribisha mwandishi wa kitabu, tunazungumza siasa, uchumi, utamaduni, maisha ya watu. Kule Mabatini mama yangu alikuwa anaita majirani waje kunisikiliza, anawaambia mwanangu amesoma vitabu vyote. Niamini, sikuwa nasoma. Naangalia jalada la nyuma, napitia kurasa mbili tatu za mwanzo, basi. Hewani nasema nimemaliza chote, na nani angenikagua?

Mdogo wangu Deo alikuwa anaishi na mama. Kiwanda cha nguo kilimpunguza kazi, akahangaika mwaka mzima, mwisho akapata kibarua kwenye boti za kukusanya samaki aina ya sangara visiwani.

Basi wiki moja kabla ya mkasa huu akaja studio mama mmoja wa makamo, gauni la kitenge, mkoba kwapani, ungemdhania mwalimu mkuu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kitabu chembamba alichoandika kuhusu Mwanza tangu soko huria lianze. Akanisihi nikisome chote kabla ya Jumamosi. Alinisihi mara tatu, na mara ya tatu alinishika mkono. Wa kwake ulikuwa wa baridi kupita kiasi. Nikajisemea labda katoka kunawa, nikakitupa kitabu kwenye droo.

Jumamosi nikamuuliza yale maswali yangu ya kila siku. Viwanda vinafungwa, mitumba imejaa, vijana hawana kazi, wewe mwandishi unasemaje? Alijibu vizuri tu, kwa upole. Kipindi kilipofika katikati, akanigeuzia swali yeye.

"Ukurasa wa sabini uliusoma, mwanangu? Ule wa mdogo wako?"

Nikadhani ni mambo ya watu wa vitabu, kila kijana kwao ni mdogo wako. Nikasema niliusoma, na uliniliza sana.

"Na umeamua aende tu?"

"Tufanyeje, mama," nikamjibu, kwa ile sauti yangu nzuri ya redioni. "Ndiyo soko huria lenyewe."

Alinitazama kwa huruma. Nikaingia kusoma matangazo ya biashara, marefu siku hiyo. Nilipoinua macho kiti kilikuwa kitupu. Fundi mitambo, aliyekuwa ananitazama kupitia kioo muda wote, alisema sauti ya mama aliisikia ila mtu hakumwona, alidhani nimempigia simu.

Nikamwambia aweke muziki, nikakimbilia droo, nikafungua ukurasa wa sabini. Deo wa Mabatini, kwa jina lake, na jezi yake ya kijani. Leo Jumamosi saa kumi na moja anapanda boti pale Mwaloni, Kirumba, imejazwa barafu hadi maji yanakaribia kuingia. Boti hairudi. Na chini yake, kwa chapa ileile: kaka yake aliulizwa kama aende, akajibu, "Tufanyeje, mama. Ndiyo soko huria lenyewe."

Sasa wewe niambie, hayo yalichapishwa lini? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyatamka dakika chache tu kabla ya hapo.

Nilikimbia hadi Mwaloni. Boti ilikuwa imeshaondoka, inaonekana kwa mbali. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, wachuuzi wa samaki wananishangaa. Siku ya tatu ndipo Deo alipopatikana.

Msibani mama alikuwa kakaa mkekani na majirani walewale. Redio walikuwa wameisikiliza wote. Akaniuliza mbele yao kama ni kweli nilisoma kwamba Deo anakwenda kufa. Nikapiga magoti. Nikamwambia, mama, nilidanganya, kile kitabu sikukisoma.

"Nikuamini lini?" akasema. "Ulipokuwa redioni au sasa hivi?"

Tangu siku hiyo nikimwamkia haitikii. Kazi niliacha. Yule mwandishi nimemtafuta miaka, hakuna anayemjua, na kama alikuwa jini au mzimu sijui. Kusema kweli sidhani alinijia kwa ubaya. Alikuja kuniokolea ndugu, mimi nikataka kusifiwa.

Kwa hiyo nakuomba, ukiulizwa kama umesoma na hujasoma, sema hujasoma, hata kama mji mzima unasikiliza. Mimi ningesema hivyo pale studio, angenieleza, na boti ilikuwa bado imefungwa ufukweni.