Disketi ya Uongo ya Febronia

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, Febronia alikuwa karani wa kompyuta katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Kharumwa. Kazi yake ilikuwa kuandika jina la kila mchimbaji anayeshuka shimoni, na kulifuta akipanda. Majina yalihifadhiwa kwenye disketi.

Siku shimo lilipoporomoka, umeme nao ulikatika. Jenereta ilipowashwa, mhandisi Selestine aliingia ofisini mbio.

"Kuna mtu chini?"

Febronia akasoma skrini. "Hakuna. Wote wamepanda."

Kumbe mchimbaji mmoja, Telesphori, alikuwa chini. Asubuhi ile disketi ilijibu kwamba imelihifadhi jina lake, na haikuwa imelihifadhi. Mkewe, Mama Limi, alikuja kusema mumewe hajarudi nyumbani. Wakamwambia pengine kapitia Geita. Walipokuja kufukua, walimkuta ameketi kando ya bomba la hewa, jiwe mkononi, bomba limebonyea pale alipokuwa akiligonga. Hakufa siku ile ile.

Hakuna aliyemlaumu Febronia. Lakini tangu hapo, kila disketi ilipozunguka na kugongagonga ndani ya mashine, alinyanyuka kitini kama aliyeitwa.

"Tuitupe hii, tulete mpya," Selestine alisema.

"Na mpya nayo ikidanganya, tutajuaje?"

Akaketi akaandika programu ndogo iliyojifanya disketi mbovu. Programu ya zamu, ile ya kuandika majina ya wachimbaji, ikiipa jina ilitunze, mara ilijibu "tayari" huku imelitupa, mara ilirudisha nusu ya jina, mara ilinyamaza tu.

"Sasa unaifundisha mashine uongo?" Selestine alishangaa.

"Nataka ile ya zamu isidanganywe tena."

Jina alilojaribia lilikuwa moja tu: Telesphori. Analiandika, linapotea, shimo linasomeka tupu. Anarekebisha, analiandika upya, linapotea tena.

"Tumia jina lingine, dada. Utaugua."

Febronia akaliandika tena. Ilifika mahali akawa analitamka kwa sauti huku akiliandika, kisha anatega sikio.

Hatimaye programu ya zamu iliacha kuliamini neno "tayari". Kila jina ililisoma upya kutoka kwenye disketi, na isipolikuta iliandika: HALIKUHIFADHIWA. MTU ASISHUKE.

Mama Limi alipata habari, akaja kuomba aone. Febronia akaandika jina, disketi ya uongo ikalimeza, onyo likatokea.

"Siku ile ingesema hivi?"

"Ingesema, mayu," Febronia alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mama Limi aliitazama skrini. "Basi wewe umempoteza mara nyingi kuliko mimi," akasema, akatoka.

Miezi ikapita. Asubuhi moja disketi ya kweli iliharibika, na onyo likatokea zamu ya mchimbaji Otmar, mzee wa matusi mengi.

"Mimi huyu hapa, unaniona! Nimezuiwa na sanduku?"

"Subiri, baba. Hujaandikwa."

Febronia alibadilisha disketi, akamwandika, mzee akashuka akilalamika. Jioni alipanda salama, akaenda zake kunywa.

Selestine alimpongeza Febronia mbele ya watu, wakapiga makofi. Naye alitabasamu, akashukuru, akarudi nyumbani. Alisonga ugali, akawapakulia watoto, lakini yeye mwenyewe hakula. Alikaa jikoni moto ukizimika, akimwaza mtu mmoja ambaye makofi yale yasingemfikia kamwe.